Moshi wa Alhamisi kwenye Mashine ya Isa

Kosa la Night Poni lilikuwa la nusu dakika tu, tena la mdomo. Alikuwa kwenye kibanda chake karibu na soko la Arua, kompyuta ya mwalimu mmoja wa Pajulu imefunuliwa tumbo mbele yake, na wateja watatu wamemsimamia wakimpumulia shingoni. Simu ikalia. Ni Madina, kutoka Koboko.

"Poni, ile mashine ya gemu iko na vituko. Watu nacheza vizuri dakika kumi hivi, halafu picha nakatika-katika."

"Picha? Kama ni picha, basi kadi ya picha imekufa, mama. Tafuta ingine."

Akakata simu, akarudi kwenye kompyuta ya mwalimu. Hata jina la ugonjwa hakulifikiria mara mbili. Ah, Poni! Siku nyingine zote mtu mzima na akili zake, siku hiyo akatoa hukumu kwa simu.

Na kumbe ndiye mtu asiyetakiwa kabisa kufanya hivyo. Night Poni ni mwanamke, Mkakwa wa Lobule, miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili. Redio ya baba yake aliifungua akiwa darasa la nne, akachapwa, akaifunga, ikaimba vizuri kuliko zamani, na baba akaona haya kumchapa mara ya pili. Alipokuja Arua alianza kwa kufagia duka la intaneti. Huku anafagia, anatazama. Mwaka wa tatu wenye duka walikuwa wanamwamsha yeye kila mashine ikigoma. Siku hizi ana kibanda chake, na mpaka leo wapo wanaume wanaofika, wanamtazama, wanatazama nyuma yake, wanauliza, "Fundi iko wapi?" Yeye huwajibu, "Iko mbele yako. Ama unataka yenye ndevu?"

Anazo taratibu mbili, na amezishikilia kama mtu alivyoshika imani. Ya kwanza, hautaji ugonjwa kabla hajaweka mkono kwenye mashine. Ya pili, anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, anaandika kwenye daftari la shule alichobadilisha na kilichotokea, ndipo anagusa kingine. Ukibadilisha viwili mashine ikapona, anasema, hujui ni kipi kilichoponya, na wiki ijayo utakuwa mjinga yule yule.

Sasa hiyo taratibu ya kwanza ndiyo aliyoivunja kwa Madina.

Madina ni Mnubi wa Koboko mjini, mama wa makamo, mjane. Mumewe, Isa, alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya siku chache. Mashine ya gemu aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, akaiweka kwenye chumba cha mbele, akanunua kioo kikubwa cha kompyuta, na watu wakaanza kuja kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Isa alipoondoka, Madina alikiendesha chumba hicho yeye mwenyewe. Kinamlisha, ndiyo, lakini zaidi ya kumlisha kinamjazia nyumba kelele. Mjane mwenye nyumba kimya anajua thamani ya kelele.

Kitu cha pili alichoacha Isa ni pikipiki. Nyekundu, imefunikwa turubai kwenye kibaraza cha nyuma. Madina hajui kuiendesha na hana nia ya kujifunza. Ila kila Ijumaa asubuhi humwomba jirani aiwashe dakika tano, na yeye husimama jikoni, mlango wazi, mikono imetulia, anasikiliza. Ndivyo Isa alivyokuwa akiingia nyumbani miaka kumi na tisa. Hakuna anayemcheka kwa hilo.

Alhamisi, wiki mbili baada ya ile simu, Kadijah akapita kibandani kwa Poni. Kadijah ni mdogo wake Madina, anauza vitenge Arua.

"Salamu, Poni. Wewe naona, dada yangu iko na roho ngumu. Kesho natoa pikipiki ya Isa."

"Natoa kwa nani?"

"Acidri, yule ya kwenda Kampala kila mwezi na bidhaa. Nakuja chukua kesho baada ya sala ya Ijumaa. Akirudi, yeye naleta kadi ya ile mashine."

Pikipiki nzima kwa kadi! Poni akaweka bisibisi chini taratibu.

"Kadi gani?"

"Si ile wewe nasema imekufa?"

 Poni alilikumbuka neno lake lote, pamoja na "tafuta ingine" yake ya haraka. Alipiga simu ya Madina mara tano. Haikupatikana, chaji ilikuwa imekwisha. Usiku huo alilala vibaya, na asubuhi alifunga kibanda, akawatukana wateja wawili bila sababu, akapanda gari la Koboko na begi lake la vyombo mapajani.

Alifika saa tatu na nusu. Madina alimpokea kwa kicheko na chai, kama mtu ambaye hakuna kinachomsumbua. Chumba cha mbele kilinukia udi na sandali, harufu nzito, nzuri, ya jana jioni. Nyumba nyingi za Wanubi hunukia hivyo, na Poni hakuifikiria zaidi.

"Mama, kabla ya kutoa pikipiki, mimi nataka kutazama mashine."

"Kutazama nini tena? Wewe ulisema."

"Nilisema bila kuona," Poni akajibu. "Ile simu nilibwata. Nisamehe. Wacha nione leo."

Madina alimtazama kidogo. Akasogeza kiti.

Poni alihitaji mtu wa kucheza huku yeye akisoma namba. Akapatikana Shakirah, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa heshima zake darasani, lakini mbele ya ile kompyuta anaruka na kutukana goli kama utingo. Alikuwa amekuja kucheza kabla ya vipindi vyake. Poni akafungua programu ndogo inayoonyesha namba pembeni ya kioo: picha ngapi kwa sekunde, kadi ya picha inafanya kazi kiasi gani, prosesa inafanya kiasi gani, joto lake, na mwendo wake.

"Cheza, mwalimu. Cheza kama iko na fainali."

Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Picha sitini kwa sekunde, kadi inafanya kazi karibu yote, wachezaji wanateleza kiwanjani. Dakika ya nne, ya sita, ya saba. Ya nane, mchezaji wa Shakirah akaganda akiwa hewani, akatokea mbali, akaganda tena.

"Wewe naona? Naona huyu mjinga?" Shakirah akapiga paja lake.

Poni hakumsikia. Alikuwa anatazama zile namba. Picha zimeshuka mpaka kumi na saba. Lakini kadi, ile kadi aliyoitangazia kifo, ilikuwa imelegea kabisa, inafanya chini ya theluthi ya kazi yake. Kadi iliyochoka haikai hivyo. Kadi iliyochoka huonekana inahema kwa mia kwa mia. Hii ilikuwa inasubiri.

Aliyekuwa mia kwa mia ni prosesa, ile inayofanya hesabu zote za mchezo na kuigawia kadi kazi ya kuchora.

"Mama, njoo. Kwenye harusi, mutu ya kupakua pilau akiwa mvivu, wale ya kubeba sahani nafanya nini?"

"Nasimama tu na sahani tupu."

"Basi kadi ndiyo nasimama na sahani tupu. Mupakuaji ndiye iko na shida."

Madina alitikisa kichwa. Hakuonekana kama mtu aliyeamini. Na kwa nini aamini? Fundi yule yule, mdomo ule ule, wiki mbili tu zimepita.

Poni alijua hilo, kwa hiyo alirudi kwenye daftari lake. Kitu kimoja: akapunguza ukubwa na uzuri wa picha mpaka wachezaji wakaonekana kama vibonge vya ugali. Kama kadi ndiyo mgonjwa, ikipunguziwa mzigo lazima picha kwa sekunde zipande. Shakirah akacheza, akilalamika kwamba hajui tena nani ni nani. Bado kumi na saba. Akaandika, akarudisha picha ilivyokuwa. Kitu cha pili: akatafuta kama kuna programu nyingine iliyojificha nyuma inakula prosesa. Hakuna. Kitu cha tatu: je, ni prosesa ndogo tu, imeshindwa na mchezo? Lakini mchezo ni ule ule wa miaka mitatu, na Isa aliucheza hapa hapa bila neno. Ndipo akatazama namba aliyokuwa ameiacha mwisho, ya mwendo. Prosesa hiyo inapaswa kukimbia megahezi elfu nne. Ilikuwa inatambaa kwenye mia nane. Na pembeni yake, joto: nyuzi mia.

"Iko naungua," Poni alisema polepole. "Yenyewe napunguza mwendo ili isife."

Hapo hapo umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, Shakirah akatoa neno ambalo wanafunzi wake hawajawahi kulisikia, akaaga akaenda shuleni kwake. Ilikuwa saa tano kasoro.

Poni alichomoa waya, akailaza mashine ubavu karibu na dirisha. Lile kasha la Isa lilikuwa la mtindo wa zamani, lenye matundu ubavuni mahali prosesa inapopumulia. Akafungua skrubu nne, akavuta bati, na harufu ikamjia usoni. Udi. Sandali. Sukari iliyoungua.

Vumbi la Koboko analijua. Ni jekundu, kavu, unapuliza linaondoka. Hili lilikuwa jeusi, laini, linang'aa. Limejaza mapezi yote ya kile chuma cha kupozea, limekaza feni mpaka Poni alipoisukuma kwa kidole ilizunguka nusu tu na kusimama. Alikwangua kidogo kwa ukucha. Likanata. Akageuka kutazama pale mashine ilipokuwa imesimama, na akakiona: kigoda kidogo, juu yake chetezo, ndani majivu ya jana jioni. Shubiri moja na yale matundu.

Akajua yote kwa mara moja, na akatamani asingejua.

Maana kila mtu Koboko anajua habari ya chetezo cha Madina. Kila Alhamisi jioni, tangu Isa afariki, anafunga chumba cha mbele mapema, anawasha makaa, anaweka udi pale pale Isa alipokuwa akikaa, anamsomea dua. Sasa nani atamwambia mama kama huyo kwamba dua yake ndiyo imeziba mashine ya mumewe? Poni alijisemea moyoni kwamba vumbi ni vumbi. Atasafisha, atafunga, atasema vumbi, basi. Akachukua mswaki wa zamani na spiriti, akaanza kusugua, na kila akisugua aliona aibu inapanda. Akisema vumbi tu, wiki ijayo udi utawashwa, na baada ya miezi michache mashine itaganda tena, na Acidri atakuwa bado anakwenda Kampala.

"Ni nini ulipata?" Madina akauliza kutoka mlangoni.

"Vumbi, mama."

Kweli alisema hivyo. Tena kwa mdomo ule ule.

Alisafisha feni mpaka ikazunguka yenyewe kwa pumzi. Akafuta dawa kuukuu ya kupitisha joto, iliyokauka kama matope ya kiangazi, akapaka mpya, akafunga chuma. Umeme haukurudi. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, mtaa ukatulia, watu wakaswali, wakatoka. Umeme haukurudi. Na Acidri akafika, kanzu safi, mwenye adabu zote, mfuko wa nailoni mkononi wa kuwekea karatasi za pikipiki.

"Salaam aleikum, mama. Mimi iko tayari. Gari naondoka saa kumi."

Madina alijibu salamu. Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Alipita kibarazani, akavuta turubai, na ile pikipiki nyekundu ikatokea, inang'aa kama jana imetoka dukani. Mkono wake ulibaki juu ya kiti.

"Mama, usitoe," Poni alisema.

"Poni, mwanangu. Wiki mbili ilipita ulisema kadi imekufa. Leo unasema kadi mzima. Umeme hakuna, mimi siwezi ona. Kama Acidri ataenda bila pikipiki, atarudi mwezi ingine. Watu nahama, nakwenda cheza kwingine. Mimi nishike maneno gani yako? Ya kwanza ama ya pili?"

Swali la haki kabisa. Na Poni hakuwa na umeme, hakuwa na namba, hakuwa na kioo. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha, nacho kilikuwa kwenye kipande cha gazeti pale mezani, donge jeusi la uchafu aliokwangua kwenye mapezi, ukubwa wa kashata.  Alikwenda akalichukua, akaliweka kwenye kiganja cha Madina.

"Nusa."

Madina akanusa. Akanusa tena.

"Hii si vumbi," Poni akasema. "Nilikudanganya pale. Hii ni moshi ya udi yako, mama. Chetezo iko karibu na matundu, moshi naingia, nashika vumbi, naziba pumzi ya mashine. Hakuna kingine. Nisamehe, mimi niliogopa kusema."

 Acidri alitazama viatu vyake. Madina alikuwa bado amelishika lile donge karibu na pua, na midomo yake ilianza kutetemeka, na Poni akasema ndani yake, sasa nimemuua mtu kwa huzuni. Nilijua. Mungu wangu, nilijua.

Kumbe ni kicheko. Kilianza kidogo puani, kikashuka kifuani, kikamkunja mama wa watu mpaka akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, kitambaa kimemtoka kichwani, machozi yanamtiririka.

"Isa alikataza mimi!" alisema alipopata pumzi. "Miaka kumi na tisa! Kila Alhamisi: Madina, hii moshi yako itaziba mimi. Madina, mimi nakufa. Yeye nanuna, nachukua chai yake, nakwenda kaa huko." Akanyoosha kidole. "Juu ya pikipiki! Nakaa juu ya pikipiki mpaka moshi inaisha ndani. Wallahi, kila Alhamisi. Alipokufa nikasema sasa hakuna mutu ya kunikataza, nitamfukizia vizuri, pale pale kwenye kiti yake."

Acidri mwenyewe akaanza kucheka, kwa kujizuia, halafu bila kujizuia. Poni alicheka na kulia pamoja, maana uzito wote alioubeba kutoka Arua ulikuwa umemwagika pale chini.

"Nitashika maneno ya pili," Madina akasema, akifuta macho. Bahasha akairudisha kifuani. "Acidri, kunywa chai. Hii pikipiki haiendi Kampala."

Acidri hakukasirika sana. Alisema tu kwamba angejua angeenda kuswali msikiti wa karibu na gari lake, akapokea chai, akamega na andazi.

Umeme ulirudi saa nane na dakika kumi, wakiwa bado wanakunywa. Poni aliwasha mashine. Madina alikuwa ameshamwamini, lakini namba hazimwonei mtu huruma. Akaanzisha mchezo, akacheza mwenyewe, vibaya sana, akafungwa manne. Dakika ya nane ikafika.  Sitini. Dakika ya kumi na tano: sitini, joto sitini na nane, kadi inachapa kazi, prosesa inakimbia elfu nne. Dakika ya thelathini alifungwa goli la tisa, na hajawahi kufungwa akafurahi namna ile. Aliandika zote kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, halafu akaongeza kwa herufi kubwa: USISEME KWA SIMU.

 Akaomba chai ya pili na Madina akaweka sukari bila kuuliza.

Kabla Acidri hajaondoka, Madina alimwita kibarazani. Asubuhi ile pikipiki haikuwashwa. Alikuwa ameona haya kuiwasha siku ya kuitoa. "Sasa wewe niwashie. Dakika tano tu." Acidri akaweka mfuko wake chini, akakunja kanzu, akapiga teke. Mara ya pili ikashika. Madina alikwenda jikoni, akaacha mlango wazi, akasimama kusikiliza. Poni alibaki chumba cha mbele, akifunga vyombo vyake taratibu ili asikatishe.

Injini ilipozimwa, Madina alikuja akachukua chetezo kutoka kwenye kigoda. Alisimama nacho katikati ya nyumba, akitafuta mahali. Akatazama kibarazani, ilipo pikipiki, akatikisa kichwa huku anatabasamu.

"Huko pia hapana," akasema. "Isa atakimbilia wapi tena?"

Akakipeleka jikoni kwake, mbali kabisa, akafunga mlango.

"Wacha apumue."